Hodi ya Tatu

Leo asubuhi nimesimama mlangoni pa nyanya, Magogoni, ufunguo mkononi, na mguu umekataa kuingia. Usinicheke. Ungelelewa na bibi yule, nawe ungekwama papo hapo.

Kwa nyanya, hodi ilikuwa na sheria zake. Unapiga mara tatu, ukitulia kila mara. Usipoitikiwa, warudi kwenu, hata kama umebeba sinia la biriani linalofuka. "Hodi haipigiwi mlango," alizoea kusema, "hupigiwa wenyewe."

Nilikuwa msichana wa darasa la tatu tulipokwenda Kilwa. Baba yake nyanya, aliyekuwa baharia, alimhadithia kasri la huko tangu angali mdogo. Sasa macho yake yalikuwa yakififia, na alitaka kuliona kabla hayajazima. Basi tukavuka mpaka wa Lungalunga, yeye, baba, mama na mimi, na ndoo ya mahamri. Safari nzima ya Tanzania nguo zetu zilinukia iliki.

Kasri lenyewe liko juu ya jabali, kuta za matumbawe, halina paa wala mlango. Mbuzi waliingia na kutoka watakavyo. Mtembezaji wetu akatangulia ndani, baba na mama nyuma yake. Nyanya akasimama palipokuwa na mlango, akaliweka buibui lake vizuri, akaita, "Hodi!"

Mtembezaji akacheka. "Bibi, humu hamna mtu miaka na mikaka!"

"Ndiyo maana napiga hodi, mwanangu. Wangekuwa hai ningewaona."

Akaita ya pili. Upepo tu. Akaita ya tatu, akangoja, kisha, wallahi, akageuka. "Hawapo. Twendeni zetu."

Baba alimbembeleza, mama alimsihi, wapi! Alishika njia ya kuteremka, na machozi yakimlengalenga. Safari yote ile, na kasri liko nyuma ya mgongo wake! Roho iliniuma, sikuweza kuvumilia. Nikatimua mbio hadi ndani, nikasimama katikati ya ua, nikapaza sauti: "Karibu! Karibuni ndani, starehe!"

Nyanya akasimama. Alijua fika ni mimi, maana sauti yangu tangu hapo ni ya kuvunja vyungu. Akarudi taratibu, akavua viatu.

"Aliye ndani ndiye mwenyeji," akamwambia baba. "Tumeshakaribishwa."

Alipapasa kila ukuta. Aliinama juu ya birika lao la kuogea, la pembe nane, akalitazama mpaka akatosheka, akauliza jiko lao lilikuwa wapi. Kisha tukaketi tukala, na hamri moja akawawekea wenyewe ukutani. Mbuzi akaliwahi. Nyanya alicheka hadi akashika mbavu, na mimi nilitembea siku nzima kifua mbele kama mwenye kasri.

Siku hizi nani apige hodi? Tuna mageti na kengele, na mgeni hupiga simu akasema yuko nje. Nyanya alishatangulia mbele ya haki. Nyumba yake imeuzwa, na wiki hii inabomolewa. Nimekuja kuiaga.

Nimepiga hodi ya kwanza, nikatulia. Nimepiga ya pili. Ya tatu sijaipiga, na bado nimesimama hapa, maana nisipoitikiwa itanibidi niende zangu.