Mzinga wa Ndolo Penye Maporomoko

Msafiri aliyepanda kutoka nyanda za joto kwenda soko la Kikima aliyasikia maporomoko msituni kabla ya kuyaona, na papo hapo akamsikia Mutindi. Mama huyo alikuwa na mdomo! Hakuna aliyempa kazi ya kulinda maji yale, wala aliyethubutu kumnyang'anya. Watu walikinga juu, yanapoangukia. Mifugo ilinyweshwa chini, kwenye hori la mti. Kila aliyekunywa alikiacha kibuyu cha kunywea kilichowekwa hapo kimejaa kwa ajili ya atakayefuata. Ukisahau, uliitwa urudi hata kama umeshafika nusu ya mlima.

Juu ya mti wa karibu ulining'inia mzinga wa gogo wa mumewe, Ndolo. Aliutundika kabla ya kupelekwa vitani Burma, akasema asali atairina mwenyewe akirudi. Vita vikaisha, wenzake wakarudi. Yeye hakurudi, wala habari zake. Mutindi hakuugusa. Kwa Wakamba mzinga ni wa mwanamume, na kwake mwanamume huyu alikuwa bado safarini.

Ukaja mwaka wa ukame. Maporomoko yakawa membamba, hori nalo likapasuka vipande viwili. Ndipo Salim, mchuuzi wa chumvi kutoka Kitui mjini, alipofika na punda wake. Punda hao waliponusa maji wakataka kuvamia dimbwi la juu, la watu. Mutindi akawazibia njia kwa mikono yake miwili.

"Punda hainywi hapa! Hii maji ni ya watu."

"Mama, watakufa. Niwanyweshe wapi?"

Alisema kweli. Wakiingia, watu wote wangekunywa matope. Punda wakizuiwa, wangeanguka pale pale. Mutindi akautazama mzinga. Moyo ulimuuma, tena sana, lakini hakuwa mtu wa kusitasita.

"Panda. Teremsha ile."

Nyuki walikuwa wamehama kwa kiangazi. Mutindi akashika shoka mwenyewe, akaupasua mzinga ubavuni uwe hori, akaziba nyufa kwa udongo, kisha akaanza kuteka maji na kuyamimina humo. Punda walikunywa mpaka wakapumua kwa kelele.

Salim akaona alama iliyochongwa kwenye gogo.

"Mzinga ni wa nani, mama?"

"Ya bwanangu, Ndolo. Alienda vita."

Salim akainamisha kichwa. "Sasa akirudi, utamwambia nini?"

Mutindi alikuwa ameshainama kukijaza kibuyu cha atakayefuata.

"Akirudi, atataka maji kwanza," akasema.