Siku Tulipomkemea Kiherehere

Wacha niwasimulie aibu hii mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka kwa watu wa mtaa wetu wa Nsambya, hapa Kampala, maana huko imetiwa chumvi mpaka eti paka alikuwa na pembe. Hakuwa na pembe. Alikuwa na miezi mitano, rangi ya chai ya maziwa, na akili ya mwizi. Aliyepotoka siku ile ni mimi Nekesa, mtu mzima na meno yangu yote, keshia wa duka la vifaa vya ujenzi kule Nakivubo, mtu ambaye tajiri wake humwachia funguo akisafiri.

Huyo paka nilimchukua kwa sababu ya panya, lakini panya aliwaangalia mara moja tu akawapisha, akaona kazi yake ni mimi. Nikilala anavizia vidole vyangu vya miguu chini ya blanketi, nikiamka yuko juu ya pazia, nikianika mukene (hao dagaa wadogo wa huku) nakuta sinia tupu na yeye amekaa pembeni anajilamba kama anayengoja kuulizwa maswali. Waya za kuchajia simu alikuwa ameshanimalizia mbili. Jina la Kiherehere alijitafutia mwenyewe, mimi nililitamka tu.

Mshauri wangu alikuwa shangazi Agneta wa Kitale, aliyenilea tangu mama alipofariki na ambaye hajawahi kukaa nyumba isiyo na paka. Kila asubuhi nikinywa chai nampigia simu na kumsomea mashtaka, naye anatoa hukumu. Usimpige, atajifunza kukuogopa tu. Usimchezee kwa mkono, mfungie kitambaa kwenye uzi akimbize hicho. Mchoshe kabla hujataka atulie, paka mdogo asiyechoka ni mtoto asiye na shule. Na uzibe lile shimo! (Fundi wa umeme alitoa ubao mmoja wa dari juu ya kabati langu la nguo, akasema anakuja kesho, na kesho yake haijafika mpaka leo.) Ushauri wote niliufuata, isipokuwa wa shimo.

Sasa, kuna kikundi cha maombi cha akina mama. Karibu wote ni Wakongo, wa Bukavu na Goma, mimi Mkenya peke yangu. Walinikuta kanisani benchi la nyuma, sijui mtu Kampala hii, wakaniuliza nimekula nini, na tangu hapo nikawa wao, au nusu wao, kwa sababu kila Jumamosi maombi huzunguka nyumba kwa nyumba na kwangu yalikuwa hayajawahi kufika. Karibu mwaka mzima nimekula chakula cha wenzangu nikingoja kuambiwa "tutakuja kwako". Nilitaka waje kwangu kuliko nilivyowahi kutaka nyongeza ya mshahara, na siku Mama Zawadi, fundi cherehani na kiongozi wetu, alipotangaza kwamba wiki inayofuata ni zamu yangu, nilienda chooni nikalia kidogo.

Tatizo lilikuwa Mama Riziki. Huyu ndiye mkuu wa kukemea mapepo kwenye kikundi, sauti yake inafika Naguru bila mikrofoni, na miezi miwili kabla alikuwa ametoa ushuhuda kuhusu paka mweusi aliyekatiza katikati ya maombi na mgonjwa akazidiwa. "Paka ni mulango," alisema, "shetani anapitaka pale." Watu wakasema amina. Mimi nilisema amina mara tatu, kwa nguvu, na manyoya ya Kiherehere yakiwa kwenye sketi yangu.

Jumamosi yenyewe nilijipanga. Asubuhi nilimkimbiza Kiherehere na kitambaa chake mpaka mimi ndiye niliyelala sakafuni nikihema, nikamshibisha mukene, akaanguka usingizi, nikamfungia chumbani na kurudisha mlango polepole. Saa tisa akina mama wakafika, wanane, vitenge vimepigwa pasi, na Mama Riziki akasimama mlangoni akanusa hewa.

"Hapa kwako hakuna paka, eh?"

Hapo ndipo ningesema. Ningesema "yupo, nimemfungia," tungeendelea na maisha. Badala yake nikacheka kicheko cha keshia, nikasema, "Paka? Mimi? Wapi!" Maneno matatu tu, na hayo ndiyo yaliyonimaliza.

Tukaimba vizuri nyimbo mbili. Ya tatu ikiwa katikati, juu ya dari pakasikika hatua. Tap, tap, tap, kimya. Halafu kitu kikaanza kuburutwa, kikigonga mbao, krrr-ko, krrr-ko, kutoka upande wa chumbani kuja sebuleni. Nikajua palepale: mlango nimefunga lakini yeye amepanda kabati, amepita lile shimo, na ameondoka na waya wangu wa tatu wa simu, ule mrefu, pamoja na kichwa chake cha kuchomekea. Nikaongeza sauti ya kuimba. Nikapiga makofi peke yangu. Mama Riziki akainua mkono, wimbo ukafa.

"Musikie. Iko kitu inatembea kule juu."

"Ni panya," nikasema.

"Panya haiwezi kokota munyororo."

Wote wakaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonichanganya, kwa sababu ningestahimili kugombezwa lakini Mama Zawadi alinishika bega akaniuliza taratibu, "Binti yangu, ni nani kwa famiye yako hapendi wewe uendelee?" Nikatafuta adui kichwani sikumpata. Mimi sina adui, watu wa duka la vifaa hawana muda huo. Lakini wanawake wanane wanangoja, juu kunaburutwa mnyororo, na mtu wa mwisho niliyekuwa nimeongea naye siku hiyo alikuwa nani?

"Nina shangazi," nikasema.

"Aaaah!" wakasema wote pamoja, na mmoja akasema yeye alijua tu, lazima ni shangazi.

Wakaniuliza jina, nikalitoa. Nawaambia ukweli, lilinichoma nikilitaja, lakini nilijipa moyo kwamba Kitale ni mbali. Basi tukaanza. "Agneta, achilia!" "Achilia!" "Funguka!" Na kadiri sauti zilivyopanda ndivyo Kiherehere alivyoogopa, akawa anapiga mbio kutoka ukuta hadi ukuta na waya nyuma yake, jambo lililowaonyesha akina mama kwamba adui amepatikana na anaungua, basi wakaongeza sauti, naye akaongeza mbio. Mimi nilikuwa nakemea kuliko wote. Jasho linanitoka, vumbi la dari linatudondokea kwenye vilemba, na mwenye nyumba, mama wa Kiganda mpole sana, akachungulia dirishani, "Banange! Nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni maombi tu. Akabaki papo hapo, na nyuma yake wapangaji wengine watano au sita.

Hapo ningeokoka kama wangechoka. Lakini Mama Zawadi akasimamisha kila kitu, akajifuta uso, akasema maombi hayapiti penye kinyongo, inabidi kwanza nimsamehe huyo shangazi. Nikasema nimemsamehe tayari. Akasema hapana, kwa mdomo. "Piga simu. Weka sauti wote tusikie."

Nikasema huko Kitale mtandao ni mbaya. Nikasema Jumamosi huwa anaenda sokoni. Mama Riziki akaniletea simu yangu mkononi. Siku ya nyani kufa miti yote huteleza: shangazi ambaye hupokea simu baada ya kupigiwa mara nne, siku hiyo aliipokea kabla haijalia vizuri.

"Shangazi," nikasema, "nimepiga kukuambia kwamba nimekusamehe."

"Umenisamehe nini?"

"Yote."

"Yote gani? Nekesa, uko sawa? Na hao watu wanaohema ni akina nani?" Kisha akapiga kelele, "Ama ni huyo paka! Amepanda dari tena, si ndiyo? Mtoto wewe, si nilikuambia asubuhi ya leo uzibe lile shimo kabla wageni wako wa maombi hawajafika!"

Wanawake wote wanane wakanigeukia. Na hapohapo, kwenye kitundu cha balbu, kikateremka kitu cheupe. Kilikuwa kichwa cha waya wangu wa simu, kikashuka, kikashuka, kikasimama usawa wa kilemba cha Mama Riziki kikibembea. Halafu ukatoka mkono mdogo wenye manyoya, rangi ya chai ya maziwa, ukaanza kuuvuta waya urudi juu.

Mama Riziki akautazama ule mkono muda mrefu. "Paka," akasema.

"Nauliza, umenisamehe nini?" shangazi bado yuko kwenye simu. Mama Riziki, ambaye hajui kusema uongo hata wa kusaidia (tofauti na watu fulani), akainama kwenye simu akamjibu kwa heshima yote. "Mama, alitwambia weye njo unamuroga."

Shangazi hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu, "Nekesa. Mimi?" Akakata.

Dirishani watu walikuwa wanacheka mpaka mmoja amekaa chini, lakini mimi sikuona cha kuchekesha. Mwanamke aliyeuza ng'ombe wake wa maziwa nisome, nimemwita mchawi mbele ya kanisa na wapangaji, ili watu wasijue nina paka. Nikalia, na safari hii si chooni. Nikawaambia kila kitu, kwamba nilitaka waje, kwamba niliogopa wakimwona paka watageuza njia na zamu yangu haitarudi tena.

Mama Zawadi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nekesa, sisi batu tulikimbia masasi ya vita. Tulilala porini na watoto mugongoni. Paka njo itatukimbiza kwako?" Akamgeukia Mama Riziki. "Eti itatukimbiza?"

Mama Riziki akakohoa. Akasema yule wa ushuhuda alikuwa mweusi, huyu ni wa rangi ingine, na kwamba kilichomuuma yeye si paka, ni kwamba kwa saa nzima tumemkemea mama wa watu asiye na kosa, na Mungu alikuwa anatusikiliza. Wakanywa chai, wakala chapati zangu zote, na Kiherehere akashuka mwenyewe aliposikia harufu ya samaki, akaenda moja kwa moja kulala kwenye mapaja ya Mama Riziki, ambaye alikaa wima kama amebeba mayai na hakuthubutu kumgusa wala kumshusha.

Kabla hawajaondoka Mama Zawadi alinipa masharti. Ulimchafua mbele yetu, utamsafisha mbele yetu. Zamu inayofuata ni hapahapa. Wiki nzima nilimpigia shangazi asubuhi hakupokea, chai ikanishinda kunywa. Siku ya Jumatano niliziba lile shimo mwenyewe, kwa ubao na misumari ya dukani, na sikuwa na wa kumwambia.

Jumamosi wakaja wote wanane, na mwenye nyumba naye safari hii akaingia ndani akakaa. Nikapiga. Mara ya kwanza kimya, ya pili kimya. Ya tatu akapokea. Nikapiga magoti sakafuni ingawa hanioni, na Mama Zawadi akamwambia, "Mama, amepiga magoti."

"Aongee kwa nguvu basi," shangazi akasema, "na majirani nao wasikie. Nekesa, nilimroga nani?"

"Hukumroga mtu, shangazi. Nilidanganya. Nisamehe."

"Kwenye dari kulikuwa na nini?"

"Paka."

"Paka wa nani?"

"Wangu."

Nikamsikia anapenga kamasi, akaniuliza kama huyo paka amekula.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilinipitisha mbali sana na watu wanaonipenda, na sirudii. Siku hizi akija mtu kwangu, awe mchungaji, awe fundi wa umeme, hata awe tajiri wangu mwenyewe, namsimamisha mlangoni na kabla sijamkaribisha namwambia: ndani kuna paka, na ni wangu.