Miguu ya Kazija Baada ya Eda

Kazija alimpenda marehemu mumewe Yasini, na alimlilia mpaka sauti ikamkauka. Hata hivyo, hakuna mjane pale Songo Mnara aliyeihesabu eda yake siku kwa siku kama yeye. Alikuwa mvuvi wa pweza tangu utotoni. Kwenye mwamba ulio mbele ya kijiji alikuwa na mashimo kumi na moja aliyoonyeshwa na mama yake, na alitaka kuyawahi bamvua la kwanza, maji yanapokupwa sana na mwamba kubaki wazi, baada ya kutoka ndani, kabla wengine hawajayazoea.

Shida ilikuwa wifi yake, Umi, aliyehamia humo nyumbani ili kulinda heshima ya ndugu yake. Dini humtaka mjane atulie nyumbani miezi minne na siku kumi. Haimkatazi kufagia wala kupika. Umi aliongeza sheria zake mwenyewe. Kazija asishike ufagio, asichote maji, asitoke hata uani ila kwa haja.

"Mjane gani anazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia? Kaa, wifi! Watu watasema huna uchungu."

Na kitoweo je? Pweza, alisema Umi, ni chakula cha shangwe. Kazija akala uji wa muhogo asubuhi, ugali wa muhogo jioni. Wageni walisifu: "Umi anamlea mjane kama yai!"

Siku ya kutoka eda alioga, akajifunga khanga mpya, akavuka kizingiti. Magoti yakatetemeka. Alijishika paja. Lile paja lililokuwa gumu kama mpini wa shoka lilibonyea kiganjani kama unga uliokandwa.

Binti yake Fauzia, mwalimu wa baiolojia Kilwa Masoko, alikuja siku ile. Akaipima miguu ya mama yake kwa macho, akainamisha kichwa.

"Nimelogwa?" aliuliza Kazija.

"Hapana, mama. Ndani ya kila seli kuna kitu kama pipa dogo, kinaitwa proteasomu. Kazi yake ni kukatakata protini, na msuli umejengwa kwa protini. Halikati ovyo. Protini hupigwa alama kwanza, kama nyumba za barabarani zinavyopigwa X nyekundu kabla ya kubomolewa. Juu ya pipa kuna kofia. Inaisoma alama, inaivua, inaikunjua protini na kuisukuma ndani. Inatoka vipandevipande."

"Na X anapiga nani?"

"Vimeng'enya. Msuli ukifanya kazi, vinatulia. Msuli ukilala, na chakula kikiwa haba, vinaongezeka, vinapiga alama mpaka kwenye nguzo zisizo na kasoro."

Kazija alilibonyeza tena paja lake. "Kwa hiyo nilikuwa najila."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuja hapa mara tatu ukanikuta nimekalishwa kama mzigo. Ulikuwa unayajua haya?"

"Nilikuwa nayajua."

"Ukanyamaza."

"Nilimwogopa shangazi," alisema Fauzia, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Misuli itarudi, mama. Ukitembea kila siku na ukala samaki, itarudi. Ila hujengwa polepole kuliko inavyobomolewa, na umri nao..."

"Umri naujua. Malizia chai yako."

Bamvua lilikuja baada ya siku nne. Fauzia alimsihi asubiri mwezi mwingine. Kazija alichukua mti wake wa kuvulia akatoka. Alifika kwenye shimo la kwanza, akalikuta tupu. Alipokuwa akilielekea la pili, mguu ulikunjika, akaketi kwenye maji yasiyozidi kifundo. Alijaribu kuinuka mara mbili. Wanawake waliokuwa mbele waligeuka kumtazama, kisha kwa adabu wakatazama kwingine.

Hafsa, mke wa jirani, msichana wa juzi tu, ndiye aliyemshika kwapani na kumrudisha hadi mlangoni. Kikapu chake kilikuwa kimejaa. Alichomoa pweza mmoja.

"Pokea, mama. Sadaka ya marehemu."

Kazija hakuhitaji kuuliza ametolewa wapi. Pweza mwekundu wa ukubwa ule, saa ile ya maji, hukaa shimo moja tu, lile la kwanza alilolikuta tupu. Umi alitokea nyuma yake akisema, "Si nilikwambia? Bado una huzuni, wifi. Rudi ukae."

Kazija hakumjibu. Alimponda pweza yule kwa mikono yake, akamchemsha, akaketi peke yake jikoni. Akamla akammaliza, kipande kwa kipande, hali machozi yanamchuruzika, kwa kuwa miguu yake ilimhitaji pweza yule.