Nirmala Bagul Hapimi Nyumba kwa Simu

Saa tatu asubuhi, ghorofa ya tatu, mtaa wa Pathardi Phata, mjini Nashik. Nirmala Bagul amepiga goti moja sakafuni, miwani imeteremka puani, anavuta tepu ya kupimia kuelekea dirishani. Ncha ya pili, yenye sifuri, imeshikwa na Sangita Aher, muuguzi anayetaka kuinunua nyumba hii.

"Ibane ukutani kabisa, mdogo wangu," Nirmala anamwambia. "Ukilegeza unajiibia mwenyewe."

Simu yake inalia. Anaitazama, anairudisha mkobani. Inalia tena. Ni mara ya nne tangu apande ngazi, na anayepiga ni yuleyule.

Nirmala, mwenye miaka 54, ni mhandisi na mthamini wa majengo. Mtu akiomba mkopo wa nyumba, benki humtuma yeye au mwenzake akaone nyumba ina thamani gani, isije ikakopesha zaidi ya kile nyumba inachoweza kurudisha. Ukiisimulia hivyo, kazi inaonekana nyepesi. Lakini wakala anayeiletea benki wakopaji hulipwa kulingana na ukubwa wa mkopo, na mkopo hauwi mkubwa mthamini akiandika thamani ndogo.

Kanuni za benki zinamkataza wakala kuzungumza na mthamini. Zimebandikwa ukutani pale tawini, nyuma ya kalenda.

Mara ya tano anapokea. Penseli iko mkono mmoja na tepu mkono mwingine, kwa hiyo anaweka spika.

"Dada Nirmala! Umeshafika?" Ni Nitesh Wagh, wakala wa mikopo. "Rupia laki sitini na mbili tu, dada yangu. Andika, ukanywe chai."

"Bado napima, Nitesh."

"Unapima nini tena? Mjenzi ameshaandika futi za mraba mia tisa na themanini."

"Amehesabu na ngazi, lifti na ukumbi wa chini. Mteja wako atalala kwenye lifti?"

Nitesh anacheka. "Dada nawe! Nashik nzima inauza hivyo." Kisha anapunguza sauti. "Orodha ya wathamini inapitiwa Ijumaa. Nakwambia kwa sababu nakupenda kama dada yangu wa tumbo moja."

Nirmala anakata simu na kuendelea na chumba cha pili.

Ndani mna futi mia sita na arobaini. Analinganisha na nyumba tatu zilizouzwa mtaa huohuo mwaka huu. Anapunguza kwa sababu maji huletwa na lori, anapunguza tena kwa sababu mlango unatazama kusini. Wanunuzi wa hapa huuita upande wa mauti, na hakuna anayeukubali bila kupunguziwa bei. "Mimi nilizaliwa nyumba ya kusini na bado nipo," anasema, "lakini siandiki imani yangu. Naandika bei ambayo mtu atakubali kulipa." Inatoka laki hamsini na moja.

Sangita anaiachia tepu, inarudi ndani kwa kishindo.

"Hamsini na moja? Dada, benki itatupa pungufu, nyumba itachukuliwa na mwingine! Tumehangaika miaka sita. Andika tu hiyo sitini na mbili. Wewe inakuuma nini?"

"Inaniuma, mdogo wangu," Nirmala anajibu.

Kinachomuuma alikieleza baadaye, nyumbani kwake. Mwaka 2009, akiwa mgeni katika kazi, wakala alimletea faili la nyumba lenye vipimo vya mjenzi, akamwambia asipoteze petroli bure. Nirmala alitia saini mezani. Miaka mitatu baadaye kiwanda alikofanya kazi mume wa mwenye nyumba kilifungwa, ikabidi iuzwe, na bei yake haikutosha hata kuumaliza mkopo. Mke, fundi cherehani aitwaye Kusum, alikuja ofisini. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Dada, ulipima?"

"Afadhali angenitukana," anasema Nirmala. "Nilimwambia nilipima. Nilimdanganya mchana kweupe, akanishukuru, akaondoka. Naona aibu mpaka leo."

Tangu siku hiyo hatii saini kabla hajapima, na mnunuzi lazima ashike ncha ya sifuri, aone kwa macho yake anachokinunua.

Msimamo huo una gharama. Zamani alipata kazi thelathini kwa mwezi. Sasa hupata tisa, kila moja kwa rupia elfu moja na mia tano. Mumewe, Dilip, mwalimu mstaafu, huchukulia utani: "Misimamo ya mke wangu ingeuzwa kwa kilo, tungekuwa na gari mbili."

"Nimechoka, sikufichi," anasema Nirmala. "Kupima hakujanichosha. Nimechoka kumweleza mtu mzima kwa nini ngazi si chumba cha kulala."

Aliandika laki hamsini na moja. Mwenye nyumba akakataa kushusha bei, Sangita akaikosa. Ijumaa orodha ikatoka, na jina la Nirmala halikuwemo. Alipompigia meneja wa tawi, aliambiwa ni utaratibu wa kawaida: "Tunazungusha tu, madam."

Jumapili, sahani ya poha, mchele bapa wa kukaanga, ikipoa mbele yake, anasema angetamani mthamini apangwe na ofisi isiyouza mkopo hata mmoja. Anajua hilo haliko mikononi mwake. Lililo mikononi mwake ni dogo zaidi: kuwapimia wanunuzi wenyewe, kabla hawajatoa senti.

"Nani atalipia habari mbaya?" Dilip anauliza.

Nirmala anasukuma sahani pembeni.

Simu inalia. Anaiangalia kwa uchovu, akidhani ni Nitesh. Ni Sangita. Salamu ni fupi, na sauti ni ya mtu aliyejilazimisha kupiga. Amepata nyumba nyingine, mtaa wa Indira Nagar. Mwenye nyumba anadai ina futi mia nane.

"Dada, nikikulipa mimi, utakuja? Utapima mwenyewe?"

Nirmala anavuta daftari lake.

"Umeshampa chochote?"

"Bado."

"Basi usimpe. Kesho saa tatu nitakuwa hapo. Na sifuri utashika wewe."

Anaweka simu chini, anafuta macho kwa pindo la sari, kisha anamuuliza Dilip ameiweka wapi tepu yake.