Kipimajoto cha homa kimeniozeshea mayai ya kuchi ya mama mkwe

Wakuu, salama? Naandika nimefura. Atakayecheka acheke, ila chumvi sijaongeza.

Niko Bagamoyo, mama wa mtoto mmoja. Mama mkwe yuko Mlingotini, anafuga kuku aina ya kuchi. Wale wenyewe, shingo ndefu kama mtu anachungulia ukuta wa jirani.

Ugonjwa wa kideri ukapita, ukafagia wote. Yakabaki mayai kumi na tano.

Mimi na kidomo changu: "Mama nipe, nina mashine ya kutotolesha."

Akanipa kumi na mawili. Matatu hakusema anapeleka wapi.

Mashine nilinunua kwa fundi mmoja hapa mjini. Boksi, balbu mbili, feni. Kipimajoto hamna. Namuuliza, ananijibu bila haya: "Dada, si una mtoto? Weka kile cha homa. Joto ni joto."

Na Form Four yangu yote nikaona kaongea point.

Nikakiweka, kile cha kioo chenye zebaki. Asubuhi 38. Mchana 38. Umeme umekatika tangu alfajiri, nachungulia, 38! Nikasema hii mashine kiboko. Kila siku picha kwenye grupu la familia, najisifu kama nimetaga mimi.

Siku ya 21, kimya. Ya 22, kimya. Ya 23 mama mkwe akaja mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wajukuu zangu wa manyoya wako wapi?"

Nikamwonyesha 38 yangu. Akakitoa, akakikung'uta mara tatu, akakirudisha ndani. Tukasubiri.

Hakikupanda hata kidogo. Kimelala kwenye 35, namba yake ya mwisho chini.

"We Mwanaisha, mwanao ukimpima hukikung'uti?"

Wakuu, namkung'utia kila nikimpima! Cha homa kikishapanda hakishuki mpaka ukikung'ute. Kilipanda siku ya kwanza kikagandia hapo wiki tatu, mayai yanapigwa baridi. Viza yote.

Nikampigia fundi. Eti, "Dada, labda hayakuwa na jogoo."

Jogoo wa mama mkwe alikuwa na wake sita, wewe kaka una nini?

Haya, kwa anayeanza: tafuta kipimo kinachopanda na kushuka chenyewe. Kiweke usawa wa mayai, sio juu kwenye balbu. Vya dijitali navyo vingine waongo, kwa hiyo kabla hujaweka yai kitumbukize ncha kwenye maji ya vuguvugu pamoja na cha homa KILICHOKUNG'UTWA. Visiposoma sawa, rudisha dukani. Cha homa kazi yake iishie hapo.

Jana grupuni mama mkwe katuma picha. Yale matatu alimwekea kuku wa jirani anayeatamia. Vifaranga vitatu chini ya bawa lake, vishingo hivyoo! Chini kaandika: "Huyu hakung'utwi."

Kasema vikikua vikataga, nitapewa yai moja la majaribio.

Kwa hiyo pole zenu sitaki. Nyie mnatumia kipimo gani? Nina yai moja tu la kurudisha heshima.