Era na ala: jinsi simu ya tochi ilivyotuficha protini ya kupe

Wakuu, nawasalimu kutoka Ntinda.

Ninachoandika hapa kilitokea, na sijakitia chumvi. Mhusika mkuu mwenyewe ameniruhusu kukisimulia kwa sharti moja, nisimfanye kituko. Sina nia hiyo. Nampenda kama dada yangu.

Mimi ni Mkenya, kazi yangu kompyuta. Miaka ile, kabla programu hazijajua kutabiri umbo la protini zenyewe, nilikuwa nahudumia maabara moja ya utafiti hapa Kampala.

Namutebi, Muganda wa Kibuli, alikuwa anasomea PhD yake pale. Protini yake ilitoka kwenye mate ya kupe, hawa wanaonyonya ng'ombe. Baba yake alikuwa amepoteza ng'ombe kwa ugonjwa wa kupe, kwa hiyo kwake hiyo haikuwa mada ya darasani tu.

Aliyemsaidia ni Espérance, fundi wa maabara kutoka Bukavu. Kazi yake ilikuwa kuotesha fuwele za protini, na ilihitaji subira ya kutisha. Fuwele zilikuwa zinakataa, zinakataa, mpaka moja ikakubali.

Moja tu. Ikapelekwa nje ya nchi kwenye mtambo mkubwa wa eksirei, ikapigwa, data ikarudi. Fuwele yenyewe ikaharibikia hukohuko.

Profesa wake akamwambia wazi kwamba umbo la protini lisipopatikana kabla ya kikao cha kamati, sura ile itolewe kwenye tasnifu. Na sura ile ndiyo iliyokuwa tasnifu yenyewe.

Sasa nieleze kidogo, maana si wote tuko kwenye fani hii. Ni rahisi kuliko jina lake.

Eksirei ikipita kwenye fuwele inaacha madoa. Madoa yanakupa nusu ya habari, nusu nyingine inapotea njiani. Ili kuirudisha, unatafuta protini nyingine ya ukoo huohuo ambayo umbo lake linajulikana, unaiazima, unaijaribisha mahali pa ile yako. Hiyo ndiyo molecular replacement.

Kama umewahi kuingiza kochi kwenye flat za Bugolobi unaijua kazi hii. Kwanza unaligeuzageuza mpaka upande ukubali, kisha unalisogeza mpaka likae. Kugeuza, kusogeza. Basi.

Shida ni kwamba makochi ni mengi. Ndiyo maana nilitengeneza pipeline, yaani mlolongo wa programu zinazopokezana kazi bila mtu kukaa pale. Unaipa herufi za protini yako. Inatafuta ndugu zake kwenye hifadhi ya data za protini, inawakata sehemu zisizofanana, inamjaribisha mmoja mmoja, inawapa alama. Hata usipojua kama protini zimejipanga ndani ya fuwele kama skrubu ya kushoto au ya kulia, inajaribu zote mbili.

Niliionea fahari sana.

Herufi ninazozitaja ni hizi: protini ni kama mkufu wa shanga za aina ishirini, kila aina na herufi yake. L ni shanga moja. R ni nyingine kabisa. L hupenda kujificha ndani, mbali na maji. R hupenda kukaa nje, majini. Zikumbukeni hizo mbili.

Siku ya kuanza, Namutebi alikuwa kwao Kibuli akimuuguza mama yake. Laptop yake ilikuwa kwa fundi wa mjini ikitengenezwa, na simu yake kubwa pia. Najua mtauliza kwa nini hakunipigia picha. Alikuwa na simu ya tochi, wakuu, na karatasi aliyoichapisha zamani.

Akapiga.

"Habali ya kazi, ssebo? Uko tayali?"

"Niko tayari, nnyabo. Soma polepole." Ssebo ni bwana kwa Luganda, nnyabo ni bibi.

Akasoma herufi moja moja, mimi nikaandika. Alinisomea kwa upole wote, akirudia kila mstari, na mimi nikiitikia. Kwa nyuma nilimsikia mama yake akiuliza kwa Luganda kama binti yake sasa amekuwa mwalimu wa chekechea.

Tukamaliza. Nikaiwasha pipeline.

Ikafanya kazi, ikatoa alama. Zote duni. Nikabadilisha mipangilio, nikairudia. Duni. Nikamlaumu kupe, nikailaumu fuwele, nikafikiri labda ni pacha, fuwele mbili zilizogandana.

Kila asubuhi Namutebi alichungulia mlangoni. "Kompyuta yako bado iko na kiburi?"

"Bado."

"Isalimie. Iambie mimi sina halaka." Alikuwa anacheka, lakini kikao kilikuwa kinakaribia, na tayari alikuwa ameanza kuandika tasnifu bila sura ile. Niliiona kwenye skrini yake. Iliniuma.

Espérance naye alijaribu kuotesha fuwele nyingine. Hakuna kilichoota.

Kisha siku moja mchana tunakula, Espérance akataka kuingia kwenye WiFi mpya ya maabara. Namutebi, mdomo umejaa matooke, akamtajia password herufi kwa herufi.

"Imekatala," akasema Espérance.

"Andika vizuri. Ala, halafu o, halafu era."

"Minaandika vile unasema! Ala, L. Era, R. Si ndiyo?"

"Banange! Sijasema hivyo. Kwanza R, mwisho L... ngoja. Umeandika nini?"

Espérance akamwonyesha simu. Namutebi akaangalia, akakunja uso. "Sasa mbona umezigeuza?"

"Dada, miye nimekuja Kampala zamani, lakini masikio yangu bado ni ya Bukavu. Nimesikia ala nikaandika L, nimesikia era nikaandika R. Kumbe leo umesema kizungu kwa ulimi wa Luganda!"

Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Mimi kijiko kikabaki hewani.

Wakuu, Luganda ina kanuni yake safi kabisa. Sauti ya r hukaa baada ya e na i. Kwingine ni l. Kwa hiyo jina la kizungu la herufi L, linaloanza na e, kwa ulimi wa Muganda huelekea kuwa "era". Na R, inayoanza na a, huelekea kuwa "ala". Mimi Mkenya nikisikia "era" naandika R, nikisikia "ala" naandika L. Hajakosea mtu. Ulimi umefuata sheria ya nyumbani.

"Namutebi," nikasema, "siku ile ya simu, ulikuwa unasoma kwa ulimi wa Kiganda au wa kizungu?"

Akaacha kucheka. "Nilikuwa nimechoka, ssebo. Nilisoma kama ninavyoongea na mama."

Nikakimbilia kompyuta yangu.

Kila L niliifanya R, na kila R nikaifanya L. Amri moja tu. Ndugu wa kweli wa protini ile alikuwa wa mbali, na kwa herufi zilizopinduka alikuwa ameonekana mgeni kabisa, pipeline ikamtupa mlangoni kabla ya kumjaribu. Sasa ikampokea. Ikamgeuza, ikamsogeza.

Alama zikapanda.

Namutebi hakushangilia. Alitaka kuiona ramani, yaani picha ya protini inayochorwa kutokana na yale madoa, maana ramani inaweza kukudanganya kwa kukurudishia kile ulichoweka. Tukatafuta kipande ambacho pipeline ilikuwa imekikata kwa ndugu yule, kitanzi kidogo cha pembeni. Hatukuwa tumekiweka. Kama kingeonekana, kingekuwa kimetoka kwenye fuwele yenyewe.

Kilikuwepo. Kimejikunja pale, cha kupe, si cha ndugu.

Namutebi akagusa skrini kwa kidole. "Huyo ndiye wangu," akasema taratibu. Espérance akamshika mabega kwa nyuma.

Sura ikarudi kwenye tasnifu. Leo ni Daktari Namutebi, na bado ananiita Mkenya asiyesikia.

Nilichojifunza: mashine hufanya kwa uaminifu kile ulichoilisha, na sisi tunaoilisha tunatoka kwenye nyumba mbalimbali. Herufi zihamishwe kwa faili. Ikishindikana, someni majina ya shanga kwa ukamilifu.

Pipeline yangu bado inajaribu skrubu ya kushoto na ya kulia. Ila nimeiongezea hatua moja. Ndugu wakikosekana, inapindua L na R na kutafuta upya, kisha inaandika kwenye skrini: "Je, ulisomewa na mtu unayempenda?"

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani mwingine masikio yake yamewahi kumponza kazini?