Vidonge vya Mgongo

Wiki jana, katika zahanati moja mjini Arua, mama mtu mzima kutoka Koboko alikataa kukaa kwenye benchi. Nesi alimvuta pembeni, karibu na mimi niliyekuwa nikisubiri zamu, akausikiliza mnong'ono wake, kisha akamwelekeza kwa Kiswahili.

"Bana huko chini kama unazuia mkojo, hesabu mpaka kumi, achia. Kila siku, mara tatu."

Mama akahesabu kwa tasbihi.

"Hii tu? Tangu damu ya mwezi ilikatika, mimi naswali nyumbani. Naogopa mkojo kuchafua mkeka ya musikiti."

"Mbona hukusema, mama?"

"Daktari iko nasema Kizungu. Kijana yangu ndiyo natafsiri. Mbele yake nilisema mgongo nauma. Leo yeye iko safari."

Nesi akafungua daftari la mama: vidonge vya mgongo, miaka saba. Mgongo wenyewe, jamani, haujawahi kumuuma.